London Bus Museum, Brooklands: mabasi ya ghorofa ya zamani bado yanatembea, na konda yumo

Wadau wa mabasi, hasa nyie mnaoishi Uingereza au mnaokuja kutembelea ndugu, kuna sehemu moja nje kidogo ya London ambayo watu wetu wengi hawaijui, inaitwa London Bus Museum, ipo ndani ya eneo la Brooklands kule Weybridge, Surrey. Unapanda treni Waterloo, unashuka Weybridge, alafu unatembea kwa miguu mwendo wa kutosha tu, au ukiwa na watoto chukua teksi msichoke kabla hamjafika. Tiketi ya kuingilia Brooklands ndo hiyohiyo inakuingiza kwenye mabasi, na Brooklands yenyewe ndo ule uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa 1907, mpaka leo kuna kipande cha barabara yake ya zege iliyoinuka ubavu, na Concorde wanayo pale unaingia ndani. Lakini mi Concorde niliipita tu, kilichonipeleka ni mabasi.

Nawapa nyota tano na nitaeleza kwanini.

Kwanza mjue naandika kama nani. Mi ni mtu wa Dar, nimekulia kwenye Ikarus za UDA, shirika la usafiri Dar, zile kumbakumba, baadae daladala, na nilivyofika London miaka ya tisini nikaajiriwa kuwa konda wa basi, baadae nikasomea leseni nikawa dereva. Ruti yangu ilikua 159, kutoka Streatham, Brixton, Kennington, unavuka mto pale Westminster Big Ben inakutazama, unapita Whitehall, Trafalgar, Piccadilly, Oxford Circus mpaka Marble Arch. Na gari ilikua Routemaster. Kwahiyo mtu akiniuliza kuhusu mabasi ya ghorofa siongei ya kusoma, naongea ya mikono yangu.

Sasa Routemaster ni nini kwa wasioijua. Ndo lile basi jekundu la ghorofa lenye mlango wazi nyuma, hamna mlango kabisa, kuna jukwaa tu na nguzo ya kushika, dereva amekaa peke yake mbele kwenye kijumba chake upande wa kulia na injini iko kushoto kwake. La kwanza lilioneshwa 1954, likaanza kubeba abiria 1956, na mpaka wanaacha kuyatengeneza 1968 yalikua yametoka 2,876. Injini za AEC kule Southall, bodi za Park Royal, mengi yana viti 64, na yale marefu ya RML yana viti 72, utayajua kwa kile kidirisha kifupi cha ziada katikati. Bodi ni ya alumini, maana wakati wa vita London Transport, shirika lililokua na mabasi ya London, walikua kwenye kazi ya kuunda ndege za kivita za Halifax, wakatoka na ule ujuzi wa kuunda kitu chepesi lakini kigumu wakauleta kwenye mabasi. Haina chasisi kama lori, bodi yenyewe ndo inabeba uzito. Na hapo hapo, miaka ya hamsini, wakaliwekea pawa stelingi na gia otomatiki! Wakati huo madereva wengi duniani wanavunjika mabega na usukani wa kukata kwa nguvu.

Ndani ya lile jumba la makumbusho utakuta historia yote imepangwa, kuanzia basi la kukokotwa na farasi la karne ya 19, abiria wa juu wanakaa migongo kwa migongo hewani bila paa, unakuja mabasi ya miaka ya ishirini, unafika basi la kampuni ya Guy la wakati wa vita, bodi imenyooka kona kona maana chuma na mafundi vyote vilienda jeshini. Alafu kuna RT, ambayo ndo basi lililobeba London baada ya vita, yakitengenezwa mpaka 1954 na ya mwisho yakastaafu tarehe 7 Aprili 1979 kwenye ruti 62. Na kuna RML3, la tatu kati ya Routemaster nne za majaribio, injini yake ya Leyland, bodi ya Weymann (hapa L ni ya Leyland, sio ya urefu kama zile RML nyingine). Kwa mtu aliyeendesha haya magari, kusimama mbele ya RML3 sio jambo dogo, unaangalia pale mahali ambapo wenyewe walikua bado wanabishana lile basi liweje.

Lakini vitu vimesimama unaweza kuona popote. Tofauti ya hapa ni kwamba haya mabasi yanawashwa. Mafundi ni watu wa kujitolea, wengi wazee waliostaafu, utawakuta na ovaroli zina grisi wamelala chini ya gari, na siku za matukio wanayatoa barabarani yanabeba abiria wa kweli. Hii ndo siku ya kwenda, angalieni ratiba yao kabla hamjafunga safari, maana ukienda siku ya kawaida utaona mengi ila hutasikia injini, na basi bila kulisikia umepata nusu.

Siku niliyoenda na binti yangu zilikua zinatembea. Tulipanda Routemaster na nyuma pale jukwaani kasimama konda, mzee kabisa wa Kiingereza, kofia, koti, na shingoni kaning'iniza mashine ya tiketi ya Gibson. Hiyo mashine mi nilipoanza kazi niliambiwa tu habari zake, iliondolewa 1993. Ni kiboksi cha chuma, unazungusha magurudumu madogo kuweka nauli, unazungusha mkono wa pembeni, na tiketi inachapwa papo hapo kwenye karatasi jeupe inatoka inakunjika. Kila tiketi inatoka na sauti yake, krrrk. Yule mzee alimpa binti yangu moja, nikamwambia mzee mi nimeendesha 159, akanitazama, akaniuliza depo gani, nikamwambia, basi pale pale akanisogeza kwenye kamba ya kengele akasema piga wewe.

Nipige picha vizuri hapa maana ndo roho ya jambo. Kwenye Routemaster kuna kamba nyembamba imepita darini ghorofa ya chini kutoka mbele mpaka nyuma, na juu kuna kitufe. Dereva haoni nyuma na haongei na abiria, yeye na konda lugha yao ni kengele. Moja, simama kituo kinachofuata. Mbili, ondoka. Tatu, gari imejaa usisimame vituoni mpaka nikwambie. Nne, hatari. Hakuna maneno mengine. Na kengele mbili za konda mzuri zinajulikana, zinakuja karibu karibu, dingding, wala hazikusubirishi wala hazikukimbizi, unajua huyu amemuona mama wa mwisho kashaweka mguu ndani na kashika nguzo. Konda mbovu anapiga moja, anasita, anapiga ya pili, na wewe mguu wako uko juu ya mafuta hujui ni simama au ondoka. Nimefanya kazi na konda mmoja kutoka Barbados, mtu mzima kwangu, nilikua namwita mzee na yeye ananiita son, tulikua tunamaliza zamu nzima tumeongea maneno machache kabisa na hatujagongana hata mara moja. Dar konda anagonga bodi kwa kiganja, "shusha!", "twende!", London alivuta kamba, ila kazi ni ileile, ni macho ya dereva.

Basi nikavuta mbili na gari ikaondoka. Binti yangu akaniambia baba mbona unalia, nikamwambia ni upepo wa mlangoni, lakini nyie nawaambia ukweli, nililia.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, kwa mnaopenda habari za ufundi. Unaingilia mlango wa kuslaidi upande wa kulia, unakanyaga kwenye kitundu cha kukanyagia, unajivuta juu, unakaa, na hapo dunia yote iko mbele yako maana kijumba ni chembamba kweli na kioo kiko karibu na uso. Pedeli ni mbili tu, mafuta na breki. Gia ni kijiti kidogo chini ya usukani upande wa kushoto, unakisukuma mpaka nne na gari yenyewe inaanzia na namba mbili, inapanda tatu, inapanda nne, namba moja unaiweka kwa ajili ya kilima. Ukiachia mafuta kidogo pale inapotaka kubadilisha, inapita laini abiria aliesimama hasikii kitu. Ukikanyaga tu bila akili inakupiga mtikisiko na utasikia watu wanaguna nyuma. RT ilikua na mambo yake, unachagua gia kwanza kwa kijiti, gari haifanyi kitu, alafu ukikanyaga pedeli ya gia ndo inaingia, kwahiyo dereva wa RT alikua anafikiria mbele muda wote. Pale Brooklands niliongea na mmoja anaeendesha RT siku za matukio, akanionesha hiyo kazi ya mkono na mguu, ni raha kuangalia.

Wakati wa baridi ile injini ubavuni ilikua rafiki, wakati wa joto hapana.

Kingine nilichokipenda ni kwamba pale watu wanakumbuka wafanyakazi, sio vyuma tu. Wazee wa pale ukikaa nao wanakupa stori kama za depo. Ile ya Albert Gunter lazima itatoka, dereva wa ruti 78, Desemba 1952, basi lake liko juu ya Tower Bridge na daraja likaanza kufunguka chini yake, akaona akifunga breki wanaingia mtoni, akakanyaga mafuta basi likaruka pengo likatua upande wa pili, hakuna abiria aliyeumia vibaya, akapewa zawadi ya pauni 10. Na mi huwa naongezea za kwetu watu weusi maana nazo ni za kweli: Joe Clough kutoka Jamaica alikua anaendesha basi London toka 1910, na kuanzia 1956 London Transport walienda wenyewe mpaka Barbados kutafuta wafanyakazi. Wale ndo waliotufundisha kazi sisi tuliokuja baadae kutoka Afrika. Mwanamke wa kwanza kuendesha basi la London, Jill Viner, ilikua 1974, na hiyo inaonesha walichelewa kiasi gani.

Nilinganishe kidogo ili muelewe kwanini nasifia. Kuna kampuni moja ya kutembeza watalii, siitaji jina, nilipanda Routemaster yao, viti vimebadilishwa, dari limepakwa rangi nyeupe, konda hamna, spika inaongea mwanzo mwisho. Gari ni ileile lakini wameitoa utumbo. Hapa Brooklands yapo ambayo ukiingia unakuta zile rangi zenyewe za mwanzo, paneli nyekundu iliyoiva, kijani kwenye fremu za madirisha, njano darini, na kile kitambaa cha viti cha mistari ya kukatana. Vishikio vya kufungulia dirisha unazungusha kwa mkono na dirisha linashuka taratibu. Gusa. Wanaruhusu kupanda mengi, sio yale ya kamba na kibao cha usiguse kila mahali.

Niseme na hili kwa haki. Routemaster ziliondolewa kwenye kazi ya kawaida tarehe 9 Desemba 2005, na ya mwisho ilikua kwenye 159, RM2217, barabara nzima ilijaa watu. Iliniuma sana. Lakini mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kupanda lile basi, mama mwenye pram, kigari cha mtoto, alikua anapata tabu, na sababu hiyo ni ya msingi siwezi kuipinga. Kilichoniuma mi sio jukwaa, ni kwamba walipoondoa basi waliondoa na konda, na konda angeweza kubaki hata kwenye basi lenye mlango mpana. Baada ya hapo zikabaki chache kwenye ruti 9 na 15 kwa ajili ya kumbukumbu, ya 9 ikaisha 2014, ya 15 ikaishia 2019. Kwahiyo sasa hivi ukitaka kupanda basi la ghorofa la zamani lenye dereva mbele na konda nyuma, sehemu kama hii ndo kimbilio.

Ngazi za kupanda juu ni nyembamba na zina kona, mwenye magoti mabovu akae chini asijilazimishe, na watoto washikwe mkono pale jukwaani gari ikitembea. Kuna sehemu ya chai na chakula pale Brooklands, kawaida tu, na duka la vitabu na vimodeli vya mabasi ambalo litakula hela yako usipojizuia. Tenga siku nzima.

Kuhusu kiti, wageni wote wanakimbilia juu mbele na wana haki yao, ila safari ya pili shuka chini ukae kiti cha mbele kabisa upande wa kulia, kuna kioo nyuma ya dereva, kama hakijashushwa pazia utamuona anavyofanya kazi, na kengele ikilia utaona mguu wake unajibu.