Darasa la jioni Mji Mkongwe: upendo katika maadili ya Kiyahudi

Darasa hili la vikao vinne, kwa wanaotaka kuijua dini ya wenzao, linastahiki muda wa mtu, ingawa kikao cha tatu kinahitaji kutengenezwa.

Kikao cha kwanza kinasoma Mambo ya Walawi 19:18, tena aya nzima. Wengi wanajua "mpende jirani yako kama nafsi yako" tu, kumbe kabla yake pamekatazwa kisasi na kinyongo. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya sheria ya marabi wa kale, inavitenganisha hivi: umemuomba jirani mundu, kakunyima. Kesho yake anakuja kukuomba shoka. Ukimwambia "sikupi, kama ulivyoninyima", hicho kisasi. Ukimpa huku ukisema "chukua, mimi si kama wewe", hicho kinyongo, nacho haramu vilevile. Mwalimu anaukalia mfano huu muda mrefu, na anafanya vyema khasa.

Cha pili ni cha Musa bin Maimun (1138–1204), tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Córdoba akafia Misri. Chini ya amri hiyohiyo anaweka kumzuru mgonjwa, kuwaliwaza wafiwa, kuzika na kumsindikiza mgeni. Msikilizaji wa Unguja hapo yuko kwao. Talmudi inaweka hata wakati wa kumzuru mgonjwa: si saa tatu za mwanzo wa mchana wala tatu za mwisho. Asubuhi huonekana ana nafuu, jioni amezidiwa, na mara zote mbili mzuru huacha kumuombea.

Cha tatu, cha ngazi nane za sadaka alizozipanga Musa huyohuyo, ndicho kinachoharibika. Karatasi ya darasa inazitaja zote, kuanzia ya chini kabisa, kutoa kwa moyo mzito, lakini maelezo yanakwisha kwenye kutoa kwa siri, na watu wanatoka wakidhani hicho ndicho kilele. Siri ya pande zote mbili ni ngazi ya pili. Ya juu ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye biashara au kumpatia kazi, ili asifike kuomba. Kuipitia hii mbiombio ni hasara kubwa.

Cha mwisho kinawakutanisha wanazuoni wawili wa kale wa Kiyahudi: Rabi Akiva, aliyeiita amri ya jirani kanuni kuu ya Torati, na Ben Azzai, aliyeitanguliza Mwanzo 5:1, binadamu kuumbwa kwa mfano wa Mungu. Hoja yake ina nguvu: aliyekwisha kudhalilishwa asije akaona ni sawa jirani naye adhalilike.

Uende na Biblia yako, na Walawi 19 uwe umeisoma mpaka aya ya 34, ya kumpenda mgeni. Kwenye karatasi zao haimo.