Seti ya kupimia nyasi ya mafundi wa Bagamoyo: kipi kinafaa, kipi cha kuacha

Mhadhiri anayepeleka wanafunzi Hifadhi ya Saadani kwa mafunzo ya ikolojia ya nyasi ana njia mbili: kuagiza vifaa nje, au kuvichongesha Bagamoyo mjini kwa seremala, fundi bomba na fundi wa kuchomelea. Inayozungumziwa hapa ni seti ya njia hii ya pili: fremu ya kutenga kipande cha ardhi kinachopimwa, nguzo ya Robel yenye mistari ya kusomea kimo cha nyasi, sahani ya kupimia, presi ya kubania na kukaushia mimea, na begi la kubebea. Kwa jumla inafaa, na nguzo yake haina cha kuionea haya ile ya kuagiza. Ila usilipe kitu kabla hujakipima mwenyewe kwa rula.

Fremu ndiyo ya kukaguliwa kwanza, maana inaharibu takwimu kimyakimya. Fremu ya kawaida, iitwayo ya Daubenmire, ni sm 20 kwa sm 50, na hivyo ni vipimo vya ndani. Fundi bomba amezoea kukata PVC kwa vipimo vya nje. Bomba la mm 20 likishakula sm 2 kila upande, ndani hubaki sm 16 kwa 46, yaani sm za mraba 736 badala ya 1,000. Kwa fremu sahihi, kila gramu moja ya nyasi kavu ni kilo 100 kwa hekta. Uwanda wenye kilo 4,000 kwa hekta utasomeka 2,944, na darasa zima halitagundua kwa sababu vikundi vyote vinatumia fremu za fundi mmoja.

La pili, fundi asipoambiwa atakufungia pande zote nne. Fremu ya namna hiyo ni nzuri kwa nyasi za goti kushuka. Katika nyasi ndefu za baada ya masika utailazimisha kutoka juu, ilaze mashina ya nje yaingie ndani, na upimaji umeshaharibika. Agiza ya pande tatu, mfano wa herufi U, iteleze chini kwenye udongo, kisha upande wa nne uzibe kwa fimbo. Elbo zisitiwe gundi, ili fremu ifunguliwe na kuingia begini. Ubaya wake ni kwamba hupinda, kwa hiyo kila asubuhi pima ulalo kutoka kona hadi kona ya ndani: uwe sm 53.9. Ukipungua au kuzidi, fremu imekaa upogo.

Alama za rangi ziwe kila sm 12.5 kwenye upande mrefu, kuonyesha robo, pamoja na kimraba cha sm 7.1 kwa 7.1 penye kona, ambacho ni asilimia 5. Hivyo mwanafunzi anaweza kutenga madaraja sita ya ufunikaji, yaani sehemu ya ardhi iliyofunikwa na mimea, bila kubishana na mwenzake. Rangi ya mafuta hubanduka kwenye PVC laini kama bomba halikupigwa msasa kwanza, na mafundi wengi huiruka hatua hiyo.

Nguzo ndiyo sababu hasa ya kwenda Bagamoyo. Kipimo chenyewe kilitoka Kansas, Marekani, ambako Robel na wenzake walikichapisha mwaka 1970 kwa kupima nyanda za nyasi ndefu, zile zinazoitwa prairi. Chuo kikuu cha jimbo hilo kina kituo cha Konza Prairie, kilichoanzishwa 1971 na chenye takriban hekta 3,487, ambako maeneo huchomwa moto kwa ratiba: mengine kila mwaka, mengine kila baada ya miaka 2, 4 au 20. Pale mwanafunzi anajua moto ulipita lini. Saadani swali ni jingine. Upande wa kaskazini ulikuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja hadi mwaka 2000, na migunga imeshavamia sehemu kubwa ya malisho yale ya zamani, kwa hiyo kinachotafutwa ni nyasi kiasi gani zimebaki kati ya migunga na penye uwazi.

Nguzo husomwa kutoka mita 4, jicho likiwa mita 1 juu ya ardhi, kwa pande nne. Unaandika kimo ambacho chini yake nguzo imefichwa kabisa na nyasi. Seremala huichonga vizuri, imenyooka, na mistari ya sm 10 nyeupe na nyeusi inakaa sawa. Mwambie atumie rangi isiyong'aa, kwani ile ya kumeremeta jua la saa tano hufuta mpaka kati ya mistari. Agiza ya mita 2, si mita moja na nusu, kwa sababu nyasi za bondeni huifunika fupi yote. Kasoro iko kwenye ncha. Fundi hupachika kipande cha nondo ya mm 12 na kukiacha hivyo. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa, nguzo inazama; ikizama sm 5, kila kipimo kinaongezeka sm 5. Dai kisahani cha chuma kichomelewe kwenye nondo, penye sifuri, kiwe kizuizi. Kiangazi udongo huohuo hupasuka na nguzo hucheza, na hapo dawa ni mtu mmoja kuishika tu. Pia, tawi la mgunga likikaa mbele ya jicho, unapima mgunga. Sogeza mstari wa kutazamia, au andika wazi kwamba kilichoziba ni kichaka. Hesabu ya Kansas ya kugeuza kimo kuwa uzito usiihamishie pwani; kata nyasi penye nguzo, kausha, pima, utengeneze yako.

Sahani, ambayo hushushwa juu ya nyasi ili kusoma kimo inapotulia, inatakiwa iwe na kipenyo cha sm 45.8 na uzito wa kilo 1.5. Ya plaiwudi huanza sawa, kisha hunywa unyevu wa bahari na kuongezeka uzito. Ya alumini ni bora, lakini hata hiyo hukalia vichipukizi vya mgunga na kukudanganya. Si ya lazima.

Presi ya mimea inakatisha tamaa. Mbao ni nzuri na ukubwa wa sm 30 kwa 45 ni sahihi, lakini imefungwa kwa misumari ya kawaida. Fundi wa pwani anajua fika chumvi inavyokula msumari, kwa hiyo huo ni ubahili, si kutojua. Kutu hushuka kwenye magazeti na kuchafua sampuli. Lipia bolti za shaba. Kadibodi zikatwe mifereji yake ikielekea upande mfupi hewa ipite, na magazeti yabadilishwe kila siku, la sivyo wakati wa masika ukungu utawahi.

Begi la kubebea hushonwa kwa turubai ya bluu. Likatae. Bluu na nyeusi ndizo rangi za mitego ya mbung'o, na Saadani mbung'o wapo. Turubai ya kaki inapatikana.

Mizani usichukue hapo kabisa. Ile ya kuning'iniza samaki haisomi gramu, na sampuli nyingi za fremu hii hazifiki gramu mia. Nenda na ya kidijitali, weka nyasi kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, andika uzito wa mbichi papo hapo, kisha kausha chuoni kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa saa 48. Kuanika juani hakutoshi, kwani usiku nyasi hurudisha unyevu.