Redio za Upepo Zenye Usimbaji: Tathmini Kutoka Yadi ya Makontena, Changamwe

Kampuni nyingi za mizigo zilizo hapa Mombasa, kati ya Bandari ya Kilindini na Miritini, bado huzungumza kwa redio za upepo zisizo na siri yoyote. Karani wa tali anapotaja nambari ya kontena, mali iliyomo na lango litakalopitiwa, yeyote mwenye woki-toki ya bei nafuu iliyowekwa kwenye masafa hayo husikia kila neno. Katika biashara ambayo habari ya mzigo ina thamani karibu sawa na mzigo wenyewe, hilo si jambo dogo. Ndiyo sababu yadi yetu ilihamia redio za kidijitali zenye usimbaji, yaani zinazogeuza sauti kuwa fumbo lisiloeleweka na asiye na ufunguo, na hapa natathmini kifaa, muuzaji na utaratibu wa leseni kwa pamoja, kwa kuwa kimoja kikilegea vingine havifai kitu.

Kifaa tulichochagua ni Motorola DP4400e ya UHF, yaani masafa ya juu kuliko yale ya VHF. Haina kioo wala vitufe vya nambari, na kwangu hiyo ni sifa: dereva wa kreni aliyevaa glavu anahitaji kitufe kimoja cha kuzungumzia na swichi ya juu ya kubadilishia chaneli, basi. Mawimbi ya UHF hupenya vizuri zaidi ya VHF katika vichochoro vya makontena yaliyopangwa kwa ghorofa, ingawa nyuma kabisa, upande wa reli, pana kona ambamo sauti hukatika ghafla. Redio za zamani zilitoa mvumo kabla ya kupotea. Hizi za kidijitali hunyamaza tu, na mfanyakazi mgeni hudhani mwenzake amempuuza. Mvua za masika hazikuzidhuru. Hewa ya chumvi ndiyo adui, kwani huku pwani haina huruma na shaba ya aina yoyote, na vipini vya chaja visipofutwa kwa spiriti mara kwa mara huota kutu ya kijani.

Redio hizi zinafuata DMR, kiwango cha kimataifa cha redio za kidijitali, ambacho hugawa chaneli moja ya kHz 12.5 katika zamu mbili za muda. Kupitia ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena kwa nguvu, lango na yadi huzungumza kila mmoja lake bila kuingiliana, na bila kuombewa masafa mengine ya ziada. Anayepiga hesabu ya gharama asiruke sentensi hiyo.

Kuhusu usimbaji wenyewe, neno “siri” kwenye karatasi ya bei halitoshi. Sharti uulize ni siri ya kiwango gani. Katika redio za aina hii kipo kiwango cha chini kinachomzuia msikilizaji wa kubahatisha tu, kipo cha kati kinachotumia ufunguo, yaani namba ya siri, wa biti 40, na kipo cha juu kiitwacho AES, cha biti 256, ambacho hulipiwa zaidi; kadiri biti zinavyozidi ndivyo ufunguo unavyokuwa mgumu kubahatishwa. Tuliipima kwa njia nyepesi: redio moja isiyo na ufunguo iliachwa kibandani mwa bawabu, na kilichosikika humo kilikuwa mgugumo kama wa sufuria ya maharagwe inayochemka. Hata hivyo, mgugumo si ushahidi wa nguvu ya siri. Mnamo Julai 2023 watafiti wa Uholanzi walitangaza kwamba TEA1, mojawapo ya mbinu za usimbaji katika redio za TETRA, ambazo ni aina nyingine ya redio za kidijitali, ilipunguza kichinichini ufunguo wake wa biti 80 hadi biti 32, kiasi cha kuvunjika kwa kompyuta ya kawaida. Wateja walikuwa wakisikia mgugumo uleule miaka yote.

Hapa ndipo muuzaji wetu, ambaye sitamtaja, alipopoteza alama. Fundi wake aliingiza ufunguo wa tarakimu zilizofuatana, moja hadi tisa, na alipoulizwa akajibu, “Bosi, hivyo ndivyo tunavyowawekea wote.” Tulimwomba afute, kisha tukaingiza wenyewe ufunguo tuliouunda na kuufungia kwenye sefu. Isitoshe, alikuwa tayari kutukabidhi redio zikiwa kwenye masafa aliyojichagulia, akisema leseni ingeshughulikiwa baadaye.

Leseni haiji baadaye. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, ni kosa kutumia redio ya namna hii bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kifaa chenyewe sharti kiwe cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka hiyo. Wapo wanaodhani usimbaji utawaficha. Maneno hufichwa, mawimbi hayafichiki: mitambo ya ukaguzi huona kwamba kuna kituo kinachorusha, hata kama hakuna anayeelewa kinachosemwa. Kwa upande mwingine, leseni hukupa haki ya masafa, haikupi faragha.

Wenye tagi na mashua wasisome haya wakadhani yanawahusu moja kwa moja. Redio ya baharini ni jambo jingine, na chaneli 16, MHz 156.8, ni ya wito na dharura. Sharti ibaki wazi ili kila chombo kisikie.

Kwa hoteli ya Nyali inayotaka tu kumwita mhudumu wa bwawa, ningeshauri redio za kawaida zenye leseni. Kwa yadi, wakala wa forodha au kampuni ya ulinzi, gharama ya ziada inastahili, mradi awepo mtu mmoja mwenye dhamana ya funguo. Redio ikipotea, inaweza kuzimwa kwa amri ya mbali, lakini amri hiyo huifikia tu ikiwa imewashwa na iko ndani ya upeo wa mawimbi. Aliyeiiba akiizima na kuondoka nayo hadi Mariakani, kinachobaki ni kuziita redio zote ofisini, kuziunganisha kwenye kompyuta kwa waya moja baada ya nyingine, na kuzibadilishia ufunguo kabla ya zamu ya usiku.