Datsun 240Z yenye injini ya 1JZ: kuishi nalo Mwanza

Anayetaka kununua 240Z, gari la michezo la Datsun la miaka ya 1970, lililobadilishwa injini huanza kwa kufungua boneti. Afungue, aridhike, afunge, kisha akaangalie kwingine. 1JZ-GE ndiyo itakayomsumbua kidogo kuliko vyote vilivyomo ndani ya gari hili. Ni injini ya Toyota Mark II, silinda sita, cc 2,492, na Mwanza hukosi gereji yenye fundi aliyewahi kuishusha. Plagi, filta na taimingi beliti unapata bila kuagiza mbali. Injini ya asili ya Datsun, L24, cc 2,393 na kabureta mbili, ina sauti tamu kweli, lakini spea zake ni za kuwinda nje ya nchi. Tena mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: kabureta zilizosetiwa Dar huku zinamwaga petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, wakati 1JZ ya VVT-i, inayoongozwa na kompyuta, inajipimia yenyewe.

Balaa liko pale kitu cha Toyota kinapokutana na kitu cha Datsun.

La kwanza ni joto. L24 ilikuwa na manifodi zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, upande wa kushoto. 1JZ inatolea moshi kulia, na kwa gari la usukani wa kulia huko ndiko kuliko na shafti ya stelingi, silinda kuu ya breki na ile ya klachi. Inama uutazame mpira wa duara unaounganisha shafti na raki ya stelingi, wenye boliti nne. Ukiukuta umepasukapasuka kama kisigino chenye magaga, ujue eksozi inaupika. Dalili ya pili ipo mguuni: asubuhi klachi iko safi, jioni baada ya foleni ya Barabara ya Nyerere kanyagio linazama na gia ya kwanza inagoma. Fundi mwenye haraka atakuuzia klachi pleti. Mara nyingi kilichochemka ni mafuta ya klachi tu. Funga eksozi kwa utepe wa kuzuia joto, weka bati la kinga lisiloligusa bomba (liachie angalau sentimita moja), mwaga mafuta yote ya zamani na ujaze DOT 4 mpya.

La pili ni petroli. 1JZ inataka presha ya kama bar 3, na tanki la 240Z, lita 60, lilitengenezwa kwa ajili ya kabureta. Mafuta yakishuka chini ya robo, ukapanda kilima cha Bugando au ukaingia kipilefti kwa kasi, petroli inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa na gari linakohoa. Waliofanya kazi kwa akili wameweka kitanki kidogo cha lita 1.5 hadi 2 kabla ya pampu ya presha. Mwulize muuzaji kiko wapi. Akikuonyesha filta, shusha bei. Kagua na mipira pia: iwe ya presha, na klipu ziwe za kubana mzunguko mzima. Klipu za meno, zile za rejeta, huchana mpira taratibu, na tone la petroli juu ya eksozi ya moto halina msamaha.

Umeme ndio unaochosha kuliko yote, kwa sababu unaharibika kimyakimya. Datsun hupitisha umeme wa taa kubwa kwenye swichi ya stelingi bila rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa), na umeme wa kuchaji unapita kwenye ampmita dashibodini. Washa taa dakika 20, kisha gusa swichi. Ikiwa ya moto, plastiki imeanza kuyeyuka ndani. Rilei mbili za ampea 30 karibu na betri, kila moja na fyuzi yake, zinamaliza kazi hiyo kwa nusu siku. Altaneta ya 1JZ ina nguvu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo ampmita iondolewe, mahali pake iwekwe voltimita. Mshale wa rpm ukiwa umelala, usishangae: mita ya asili ilisoma umeme wa koili moja, 1JZ ya VVT-i ina koili tatu. Bila kifaa cha kutafsiri hautainuka.

Upande wa kupoza, feni ya umeme iwe na rilei yake na iwake kwenye nyuzi 92 hivi. Themostati usiitoe, hata fundi akiapa. Kulanti na maji nusu kwa nusu. Maji matupu yanakula silinda hedi ya aluminiamu. Halafu kuna vijidudu vya ziwani. Vikipanda kwa mawingu, safari moja ya jioni kando ya ziwa inatosha kuvibandika kwenye mapezi ya rejeta kama uji uliokauka. Pitisha maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi.

Breki za asili hazikupigiwa hesabu ya farasi 200. Hapa bahati iko upande wetu: kalipa za Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, hufungwa palepale kwenye diski ileile, kinachokatwa ni kibati cha vumbi tu. Silinda kuu nayo ipande kutoka inchi 7/8 hadi 15/16, la sivyo kanyagio litakwenda mbali.

Gia boksi ya Toyota, W58, yenye kebo ya spidi ndiyo inayokubaliana na dashibodi. Kwa difu ya uwiano wa 3.9 na tairi za 195/70R14, kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano ni kama rpm 2,600. Tegemea kilomita 8 hadi 10 kwa lita. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, usikimbilie eksozi; gasketi za taa za nyuma na mpira wa mlango wa nyuma ndizo zinazonyonya moshi. Kutu itafute kwa sumaku chini ya betri, sakafuni na kwenye kona nyuma ya milango. Sumaku isiposhika, hapo ni puti.

Mwisho, soma namba ya injini kwenye kadi ya gari. Kama bado ni ya L24, muuzaji alimalize suala hilo TRA kabla hujatoa hata shilingi.