Uniden BC125AT hapa Lubumbashi: king'ora cha mvua hakilii, lakini bendi ya ndege inasema mengi

Nianze na jibu, kwa wale wanaotaka jibu tu. Kama unatafuta skana ya mkononi ya soko la Marekani (redio inayozunguka masafa mengi na kusimama inaposikia sauti) ili ikulilie kabla dhoruba haijafika Lubumbashi, acha pesa yako mfukoni. Lakini kama uko tayari kukaa nayo jioni nzima na kuipanga vizuri upande wa utafutaji, itakuambia habari za upepo na mawingu ambazo simu yangu haijawahi kuniambia kwa wakati.

Mimi nakodisha mahema na viti kwa harusi, matanga na sherehe za diploma. Stoo yangu iko Katuba, ila mahema hufungwa kokote, mpaka Kampemba na Ruashi. Mvua yenyewe hainisumbui sana, maana turubai ni la mvua. Adui yangu ni ule upepo unaotangulia mvua, unaokuja na vumbi na kung'oa vigingi wakati wageni wameshakaa na bia zimeshafunguliwa. Kuanzia Novemba hadi Machi, programu ya simu huniambia kila siku kwamba mvua inaweza kunyesha. Hilo hata bibi yangu analijua bila simu. Ninachotaka kujua ni kama upepo umegeuka sasa hivi, na uko wapi.

Shemeji yangu anayeishi Marekani ndiye aliyenitumia hii BC125AT. Kwake inalia kweli tufani ikikaribia, na aliitaka inilindie mahema. Boksi linasifia tahadhari ya hali ya hewa, na si uongo. Ila inategemea umesimama nchi gani.

Inafanya kazi hivi. Marekani kuna mtandao wa vituo vinavyotangaza hali ya hewa usiku na mchana, NOAA Weather Radio, kwenye masafa saba tu: kuanzia 162.400 hadi 162.550 MHz, kila moja likipishana na jirani yake kwa kilohezi 25. Hatari ikitokea, kituo hurusha mlio wa 1050 Hz. Skana iliyowekwa kwenye hali ya tahadhari hukaa kimya ikiusubiri mlio huo tu, ikiusikia inapiga kelele na kukufungulia sauti ya mtangazaji. Kwa hiyo skana haipimi chochote. Haina kipimo cha mgandamizo wa hewa wala haijui radi ni nini, inamsubiri mtu mwingine aseme. Na hapa kwetu hakuna anayesema kwenye masafa hayo. METTELSAT, idara yetu ya taifa ya hali ya hewa, inatoa utabiri, lakini haina kituo cha VHF chenye mlio wa namna hiyo. Niliwasha tahadhari, nikaiacha mezani msimu wa mvua umekolea, radi ikapiga mpaka madirisha yakatikisika, na skana ikabaki imetulia kama mgeni asiyejua lugha.

Nilipoweka iskani tu yale masafa saba bila kusubiri mlio, mara chache ilisimama. Zilikuwa sauti za watu wakiulizana gari la mafuta limefikia wapi. Masafa hayo hapa kwetu hayajatengwa kwa hali ya hewa, basi mwenye redio za kazini anaweza kupewa. Tahadhari nikaizima moja kwa moja, na kile kipengele cha kuipa hali ya hewa kipaumbele nacho nikakizima, kwa sababu kinaifanya skana ikatize inachosikiliza ili kwenda kuchungulia chaneli ambazo hapa ni tupu.

Sasa twende kwenye kinachofaa.

Bendi ya ndege ni ileile dunia nzima, na hapo ndipo chombo hiki kinapopata kazi Lubumbashi. Marubani na mnara wa Luano, uwanja wetu wa ndege, huongea kwa AM (namna ya kurusha sauti, si lazima stesheni za AM), kati ya 118 na 137 MHz, kwa Kifaransa au Kiingereza. Kila ndege inayotaka kutua hupewa upepo: unatoka digrii ngapi na una noti ngapi. Noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa, mimi huzidisha kwa mbili kichwani na kupunguza kidogo. Tarakimu husomwa mojamoja, kwa hiyo hata mwenye Kifaransa cha kuombea maji atashika. Mnara ukisema upepo ni sifuri saba sifuri, noti sita, basi unatoka mashariki na ni mpole, wali uendelee kupakuliwa. Ndege inayofuata ikiambiwa mbili tano sifuri, noti ishirini, upepo umegeuka na kuongezeka, na vijana wangu wanatakiwa kuwa tayari wameshika kamba.

Chenye thamani zaidi ni pale rubani anapoomba kukwepa. Anasema anataka kupinda kushoto au kulia, maili kadhaa, kwa sababu ya CB, yaani wingu kubwa la radi. Yule ana rada puani mwa ndege na analiona wingu lote. Alasiri moja ya Januari tulikuwa na harusi Kampemba, jua linawaka, mbingu ya upande wetu nyeupe. Rubani akaomba kukwepa, mwingine baada yake naye akaomba vilevile. Nikamwambia kijana wangu ateremshe kuta za hema za upande wa upepo na aongeze vigingi. Akaniuliza, "Papa, kwa jua hili?" Mama wa bibi harusi naye hakupenda, alisema picha zitaharibika. Vumbi lilipofika, hema lilivimba likakaa, ila keki ilibidi ihamishiwe sebuleni.

Mambo hayaendi hivyo kila mara. Luano si Johannesburg. Saa nzima inaweza kupita bila ndege hata moja, na dhoruba haisubiri ratiba ya ndege. Siku za namna hiyo skana ni pambo mezani, na ninarudi kutazama mawingu kama watu wote.

Kwenye kuipanga, msaada ninaoweza kutoa ni huu. Skana ina utafutaji wa huduma uliopangwa kiwandani: polisi, zimamoto, reli, meli, mbio za magari, ndege za raia na kadhalika. Orodha hiyo ni ya Marekani. Ukichagua reli usitegemee kuisikia SNCC, shirika letu la reli, itatafuta kwenye masafa ya reli za kwao, na mbio za magari hapa sijui utamsikiliza nani. Kinachobaki na maana ni ndege za raia. Nacho kina kasoro, maana kinaanzia 108 MHz. Sehemu ya 108 hadi 118 si ya maongezi. Ni ya mitambo inayoongoza ndege, VOR na ILS, ambayo hurusha mawimbi mfululizo na kujitambulisha kwa herufi za Morse. Utafutaji ukifika hapo unanasa, na wewe unabaki kusikiliza ti-ti-taa mpaka uchoke.

Dawa yake ni utafutaji wa kujipangia. Una nafasi kumi, kila moja unaiwekea mwanzo na mwisho. Ya kwanza nimeiwekea 118.000 hadi 136.975, na ndiyo pekee niliyoiacha wazi. Hatua za kwenye bendi hii ni za 8.33 kHz, ndogo, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua muda mrefu kidogo. Usikate tamaa. Iache izunguke siku chache, kila inaposimama kwenye sauti ya mnara au ya rubani, hifadhi masafa hayo kwenye chaneli na uyape jina kwa herufi. Nafasi zipo 500, katika makundi kumi ya hamsini-hamsini, huwezi kuzimaliza. Baadaye acha kutafuta, skani zile ulizohifadhi tu. Tofauti ya kasi utaiona mwenyewe.

Muda wa kusubiri ndio mpangilio ninaouona wa maana kuliko yote, na watu wengi hawaugusi. Kiwandani umewekwa sekunde 2. Rubani akimaliza kusema, mnara hujibu kwenye masafa yaleyale, lakini wakati mwingine anayejibu anachelewa kidogo, na skana imeshaondoka. Unasikia swali, jibu lenye upepo linakupita. Nimeweka sekunde 5, na tangu hapo ninapata maongezi mazima. Kuna pia namba za kutoa, −5 na −10. Hizo zina maana nyingine: skana inakaa sekunde hizo kisha inaondoka hata kama mtu bado anaongea. Zinafaa unapozunguka bendi yenye mawimbi yasiyonyamaza, kwa mnara hazifai kabisa.

Halafu kuna kufungia. Kitufe cha L/O ukikibonyeza mara moja masafa yanarukwa mpaka utakapozima skana, mara mbili yanafungiwa kabisa. Kwenye utafutaji unaweza kufungia masafa 200, nusu kwa muda tu na nusu moja kwa moja. Utayahitaji, kwa sababu nyumba zetu zimejaa kelele. Chaja za simu za bei rahisi, balbu za LED, inveta ya sola, vyote hurusha takataka kwenye bendi ya ndege, na skana husimama ikidhani imepata mtu. Kabla ya kufungia, chomoa chaja kwanza uone kama kelele inaondoka, usije ukafungia masafa yenye mnara. Kitu cha kuchekesha ni kwamba umeme unapokatika mtaa mzima, skana yangu inasikia vizuri kuliko wakati wowote. Mpaka jirani awashe jenereta ya petroli. Plagi yake ya cheche inaingia kwenye AM trrrrr, na maongezi yameisha.

Kuhusu antena: ile ya mpira inatosha kuwasikia marubani, kwa kuwa wako juu na ndege iliyo mita 10,000 husikika kilomita mamia. Mnara ndio tatizo, uko chini, na kutoka Katuba mji wote umesimama katikati. Fundi wa redio alinitengenezea antena ya waya wa shaba wenye sentimita 57, robo ya wimbi la 125 MHz, na kichwa cha BNC, tukaipandisha juu ya bomba. Sauti ya mnara ikatoka kwenye mikwaruzo ikawa maneno. Radi zikianza kukaribia ninaichomoa na kurudisha ya mpira. Usilichezee hilo, Katanga tunazijua radi zetu.

Close Call, ule uwezo wa kunasa redio iliyo karibu bila kujua masafa yake, nimeuzima. Hapa mjini hunasa walinzi wa mageti tu, na maongezi yao si yangu. Na hapa niseme wazi: usitafute polisi wala jeshi kwa chombo hiki. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda siri ya mawasiliano, mambo ya redio yanatawaliwa na Sheria Na. 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na msimamizi ni ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, ndio wa kuuliza kabla hujaagiza. Isitoshe skana inafanana na redio ya mkononi ya askari. Usitembee nayo kiunoni, usikae nayo karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Yangu inakaa stoo, au kwenye gari la mahema ndani ya mfuko. Rafiki wa Goma aliniuliza kama ingemfaa kusikiliza boti za Kivu kwenye chaneli 16, yaani 156.800 MHz. Chombo kinafika huko bila shida, lakini kwa hali ya sasa nilimwambia aachane nayo.

Jambo jingine linalowashangaza watu wakiishika: haipokei redio za kawaida. Imeruka kuanzia 54 hadi 108 MHz, kwa hiyo FM yote haipo, Radio Okapi hupati, na AM ya masafa ya kati haipo pia. Inaudhi kidogo, kwa sababu redio ndogo ya sokoni yenye AM, ukiiweka mahali pasipo na kituo, hukwaruza kila radi inapopiga, na mikwaruzo ikizidi kukaribiana unajua dhoruba inakuja. Mimi ninazo zote mbili mezani. Ile ndogo inaniambia kuna radi, skana inaniambia upepo.

Betri ni mbili za AA. Zilizokuja nazo ni za kuchaji na huchajiwa humohumo kwa waya wa USB, kwa hiyo hakuna habari ya volti 110 na kutafuta transfoma. Ndani ya kifuniko cha betri kuna swichi ndogo ya kuchagua aina: ukitia betri za kawaida za dukani, isogeze upande wa ALK kwanza, kwa sababu betri hizo hazichajiwi. Waya ni ule wa USB mini wa zamani, si wa simu za leo, basi utunze. Bei yake Marekani ni dola mia na kidogo, juu yake uongeze usafiri na forodha. Mwenye hema moja hailipi. Mwenye mahema makubwa manne yaliyofungwa siku moja katika komini tatu, inalipa.