Muvi za kutisha nilizoangalia na bibi sebuleni, na zipi nakushauri uzitafute

Mwaka jana nilinunua projekta ndogo Kariakoo nikiwa na tamaa ya kuangalia mpira. Kwa mpira ikanishinda. Mchana picha haionekani kabisa, unaona kivuli kinakimbizana na kivuli. Ikabaki kazi ya usiku. Nikatundika shuka jeupe ukutani, nikaazima spika ya mpwa wangu, na kila Jumamosi baada ya isha tukawa tunakaa kuangalia muvi. Tupo wanne: mimi, shemeji yangu, dereva wa lori njia ya Tunduma, akiwa hayupo safari, mpwa wangu wa kidato cha nne, na bibi mzaa mama, aliyekuja Tabata kutoka Pangani kutibiwa macho, akapona, na mpaka leo hajazungumzia nauli ya kurudi.

Bibi ndiye aliyeweka sharti. Wiki ya kwanza shemeji alileta muvi ya binti aliyepandwa na shetani, mapadri wanamwagia maji, kitanda kinaruka. Dakika kumi hazijatimia, bibi akasema, "Zima." Nikadhani anaogopa. "Siogopi," akasema, "lakini hayo mambo yapo, na kilichopo hakichezewi." Tukazima. Usiku ule nyumba nzima ililala taa zikiwaka, na mpwa wangu, mwenye ndevu zinazoanza kuota, alihamishia godoro lake chumbani kwa bibi.

Baadaye nikaona bibi kasema kweli tupu. Muvi ya kutisha ya kujifurahisha inatakiwa itishe kwa kitu ambacho hakuna mtu chumbani anayekiamini. Jini, msukule, mchawi, kwetu hizo ni habari. Muvi ikiisha, habari inaendelea chooni, ukiwa peke yako. Lakini dude lililotoka sayari nyingine? Hilo ruksa. Unapiga yowe, unamwaga karanga, taa ikiwashwa unacheka, unakwenda kulala. Ndiyo maana nilizozipenda karibu zote zina mguu mmoja kwenye kutisha na mwingine kwenye sayansi ya kubuni.

Anza na Alien, ya mwaka 1979, ya Ridley Scott. Usiogope umri wake. Watu 7 na paka mmoja wako kwenye chombo cha mizigo kinaitwa Nostromo, wanarudi duniani, wanaamshwa njiani kabla ya wakati kwa sababu kuna ishara imesikika kwenye sayari ya jirani. Shemeji alijiona mle ndani tangu mwanzo. Wale si mashujaa wa anga, ni madereva wa masafa. Wanavuta sigara, wanakunywa kahawa, mafundi wawili wa chini wanalalamikia malipo yao mpaka unawahurumia. "Hawa ni sisi kabisa," akasema. "Bosi kakaa ofisini, anasema ingia hapo uangalie kuna nini. Mzigo una thamani kuliko wewe."

Kuna mahali wanakaa kula. Sitasema zaidi. Kama hujawahi kuiona na hujasimuliwa, una bahati ambayo mimi sina tena. Nitasema tu kwamba mpwa wangu alikuwa ameshika kipande cha muhogo, na kile kipande kilikutwa asubuhi nyuma ya kabati.

Kilichonishangaza ni jinsi lile dude linavyoonekana kidogo. Mkia, meno, kivuli, basi. Muda mwingi unaogopa bomba na mvuke. Ndani ya vazi lile alikuwemo Mnigeria, Bolaji Badejo, kijana aliyekuwa akisoma London, mwembamba na mrefu zaidi ya mita 2. Nilipowaambia, mpwa wangu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe jitu lenyewe la kwetu!" Akataka turudie.

Hatukurudia, kwa sababu umeme ulikatika, na ulikatika nahodha akiwa anatambaa kwenye njia ya hewa na tochi ya moto mkononi. Nusu saa tulikaa gizani watu wazima watatu na bibi, mshumaa uko jikoni, hatua sita, na hakuna aliyejitolea kuufuata. Aliyekwenda ni bibi. Aliporudi alikuwa na swali moja, ambalo ameendelea kuliuliza kwenye kila muvi tangu siku ile: "Paka yuko wapi?" Kwa maoni yake mle chomboni mwenye akili alikuwa paka peke yake.

Ushauri mdogo wa kifundi kwa wenye projekta za bei ya chini kama yangu: Alien ina giza sana. Ukitanua picha ijae ukuta, hutaona kitu. Sogeza projekta karibu, picha iwe ndogo, rangi itakolea.

Ya pili ni The Thing, ya John Carpenter, 1982. Wanaume 12 wamekwama kwenye kituo cha utafiti Antaktika, barafu pande zote. Muvi inafunguka kwa helikopta inayomfukuza mbwa kwenye theluji, mtu anampiga risasi anamkosa, na mbwa anakimbilia kwa Wamarekani wanaomkaribisha vizuri. "Mbwa mgeni hapokelewi hivyo," bibi akasema, na kama wangekuwa na bibi pale kituoni muvi ingeishia hapo. Kiumbe kilichomo kinaweza kujigeuza mtu yeyote kati yao. Hapo ndipo kikulacho ki nguoni mwako inapokuwa kazi ya saa mbili kasoro. Kila anayeingia mlangoni unamkagua.

Madude yake yalitengenezwa kwa mikono, mpira na ute, na Rob Bottin, kijana ambaye hata miaka 25 alikuwa hajafika. Yanachefua, nakuonya, usile supu ya utumbo. Lakini sehemu bora haina dude. Wamefungwa kwenye viti kwa kamba, na mmoja anachovya waya wa moto kwenye vibakuli vya damu, kimoja kimoja, damu ya kila mtu. Tulikuwa tunahesabu kwa sauti. Shemeji akawa anamtazama mpwa wangu kwa jicho baya kabisa, mpaka leo hawajamalizana. Wakati inatoka ilianguka vibaya sinema, mwezi uleule watu walikuwa wakimlilia yule mgeni mpole wa E.T. Nadhani hawakuwa tayari kwa mgeni wa aina hii. Mwisho wake hautakuridhisha, na ni mzuri kwa sababu hiyo.

Sasa malalamiko. A Quiet Place ya 2018 niliitaka kwa hamu: viumbe visivyoona lakini vyenye masikio makali vimemaliza watu, na familia moja inaishi bila kutoa sauti. Wanatembea peku juu ya mchanga, wanaongea kwa ishara, na mama ni mjamzito. Fikiria hilo la mwisho. Nikaenda pale ninapowekewa muvi kwenye flashi, nikaweka, nikarudi, tukazima taa. Ilikuwa imetafsiriwa na DJ.

Niwe mkweli, sina ugomvi na watafsiri. Mimi nimelelewa na kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani. Nusu ya muvi za Kihindi na Kichina ninazozijua nilizijua kwa mdomo wa DJ, na wengine wanaongeza utamu ambao mwenye muvi hakuwa nao. Lakini hii! Familia inanyata, hata pumzi hawavuti, na jamaa anapaza sauti juu yao: "Hapa wadau baba mtu ana-nyata, hataki kelele, maana kelele ni kifo, si unaona anavyo-nyata?" Tunaona. Kila palipokuwa kimya alipajaza. Kuna msumari kwenye ngazi, muvi nzima inakuandaa kwa ule msumari, na yeye alitutangazia mapema kuwa utamchoma nani. Nilirudi kesho yake kudai isiyotafsiriwa. Kijana wa kwenye duka akanitazama kwa huruma. "Ile ya kawaida mbovu, kaka. Haina sauti. Watu wanairudisha."

Nikaichukua hivyo hivyo mbovu. Ni ya dakika 90 hivi na ndiyo muvi pekee iliyomnyamazisha shemeji. Unaanza kujisikia wewe mwenyewe: kiti kinalia, feni inagonga, mtu kaminya mfuko wa karanga na wote tukamgeukia kama muuaji. Binti wa ile familia ni kiziwi, na anayemwigiza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Pale kamera inapobaki kwake yeye, sauti zote zinakatwa, na unaona hatari ikija nyuma yake bila yeye kujua. Hapo sikupiga yowe. Nilishika mkono wa bibi, na yeye alikuwa ameshaushika wangu.

Get Out, 2017, ya Jordan Peele. Kijana mweusi, mpiga picha, anapelekwa na mchumba wake mzungu kwa wakwe. Wakwe wakarimu kupita kiasi. Wimbo wa mwanzoni ulimfanya bibi, ambaye alikuwa anasinzia, ainuke: "Hicho Kiswahili!" Ni Kiswahili kweli. Aliutunga Michael Abels, unaitwa Sikiliza kwa Wahenga, na waimbaji wanamhimiza kijana akimbie. Wamarekani waliokaa sinema waliusikia kama mnong'ono wa kutisha tu. Sisi tulipewa onyo hata kabla kijana hajafunga begi, na kuanzia hapo bibi alikuwa anamgombeza: "Umeambiwa! Si umeambiwa?" Peele alipata Oscar ya mswada kwa muvi hii. Anayeigiza, Daniel Kaluuya, ni Mwingereza wa wazazi wa Uganda. Hakuna dude wala sayari. Kuna kijiko kinachokoroga chai kwenye kikombe, na sasa mpwa wangu hataki nikoroge chai mbele yake.

Kwa furaha hiyo nikakurupuka kuweka Us, ya Peele tena, 2019, maana ndani yupo Lupita Nyong'o akiigiza nafsi mbili: mama wa familia, na mwenzake anayefanana naye aliyekuja usiku na nguo nyekundu na mkasi. Kwa uigizaji, kwa ile sauti yake iliyokauka kooni, ni kazi kubwa kuliko zote ninazozitaja hapa. Lakini nilisahau sharti. Bibi akatazama dakika kadhaa, akasema kwa utulivu, "Huyo ni karini wake, jini pacha wake. Kila mtu ana wake." Kisha akatusimulia, mpaka saa saba usiku, habari za watu wa Pangani waliokutana na wao wenyewe njiani. Taa zikalala zimewaka tena. Itafute, ila ujue unaishi na nani.

Train to Busan ya Korea, 2016, naipitisha bila mjadala: mazombi ndani ya treni ya mwendokasi, baba na binti yake, na jibaba moja la miraba minne ambalo utalipenda kuliko baba. Ina maandishi ya Kiingereza chini; mpwa wangu alikuwa anamsomea bibi kwa Kiswahili, akafika mwishoni sauti ikamkatika.

District 9, 2009, ina wageni wa anga waliorundikwa kwenye kambi Johannesburg, na sehemu kubwa ni kali kweli. Ila Wanigeria wamechorwa humo kama majambazi wanaokula nyama ya hao wageni, na Nigeria yenyewe ilikasirika mwaka ule ule. Mimi pia hapo ladha ilinitoka.

Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, haitishi kwa kurusha watu kwenye viti. Ni fupi, dakika 20 na ushei tu. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe, ndoto zinazimwa kwa vidonge, na dada mmoja anapokea udongo wenye uhai. Niliweka usiku ambao mabomba ya mtaani kwetu yalikuwa yanakaribia wiki hayajatoa tone. Dada anakinga jasho lake kwenye kichupa, asipoteze hata kidogo, na nyuma yetu kulikuwa na ndoo tatu zimefunikwa kwa sinia. Hakuna aliyecheka. Shemeji alinyanyuka, nikadhani anakwenda kulala. Alikwenda kuhakikisha sinia limekaa vizuri.

Jumamosi iliyopita tulimalizia na A Quiet Place: Day One, 2024, Lupita tena, New York siku viumbe vinaposhuka. Yeye ni mgonjwa wa saratani, hana muda, na anachotaka katika mji unaoteketea ni kipande cha pizza. Si ya kutisha kama ile ya kwanza. Mimi naipenda zaidi. Na kote anakokwenda amebeba paka wake, Frodo, ambaye hata mara moja halii. Lupita mwenyewe alikuwa anaogopa paka kabla ya muvi hii, na huwezi kujua.

Bibi hakugusa karanga. Watu wanazama, majengo yanaporomoka, vioo vinamwagika, na yeye anauliza kwa kunong'ona, maana muvi ilishatufunza kunong'ona: "Paka yuko wapi?" Yupo, bibi. "Bado mzima?" Bado. Ikafika pale pabaya, maji mpaka shingoni, na umeme wetu ukakatika.

"Wewe umeshaiona," akaniambia gizani. "Niambie. Paka anapona?"

Nikamwambia asubiri umeme. Wewe nawe subiri.