"Borrow" au "lend": nani anatoa, nani anapokea?

Kwa Kiswahili, kuazima kunabeba pande zote mbili: naazima kalamu kwako, nawe waweza kuniazima kalamu. Ndiyo maana "borrow me your pen" hututoka kirahisi. Kwa Kiingereza sanifu, anayechukua ndiye wa "borrow", na huandamana na "from". Anayetoa ni wa "lend": "lend me your pen". Kwenye pesa tofauti hiyo tunayo wazi, kukopa na kukopesha.

Kwa upande wa asili, "borrow" lina habari tamu zaidi. Limetoka kwenye "borgian" la Kiingereza cha Kale, lenye undugu na "borg", yaani dhamana. Kuchukua kulikuwa kuchukua kwa rehani. "Lend" lilikuwa "lænan" tu. Ile "d" ya mwisho ilivutwa na umbo la wakati uliopita, ikaganda.

Wamarekani wengi husema pia "loan me", na baadhi ya wasahihishaji hukunja uso. Mimi sioni kosa, mradi ni pesa, gari au kitabu. Ila kwa maana ya kutega sikio, "lend an ear", hapo "loan" haikai kabisa.